Saladi ya nyanya ya nchi za Sham: kwa nini yako inaogelea majini

Swali la msomaji wa Tanga: "Shikamoo mwalimu. Nilifanya kazi Doha kwa miaka minne, na jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Kipalestina, alikuwa akitupandishia bakuli la saladi ya nyanya karibu kila Ijumaa. Tangu nirudi nyumbani nimejaribu kuitengeneza mara nyingi. Nakata nyanya, tango na kitunguu asubuhi, natia chumvi na ndimu, naweka kwenye friji mpaka saa saba watu wanaporudi kutoka msikitini. Nikifungua nakuta maji yamejaa nusu bakuli, nyanya zimelegea, na ladha ni ya kachumbari tu. Nikiyamwaga maji, inazidi kuwa chapwa. Nakosea wapi? Na ile sumaki, ule unga mwekundu mchachu, nikiikosa nitumie nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri hata nimeliona bakuli lako, na jibu fupi ni kwamba hukukosea viungo, umekosea saa. Saladi uliyokuwa ukipandishiwa Doha ilikatwa na kutiwa chumvi muda mfupi kabla ya kuliwa. Pengine mama yule alitia chumvi huku viatu vya kupandia ngazi vikimngoja mlangoni. Yako inatiwa chumvi asubuhi na kuliwa saa saba mchana. Katika saa hizo nne au tano nyanya zinafanya kile ambacho nyanya yoyote iliyokatwa na kutiwa chumvi ingefanya: zinaachia maji, na pamoja na maji zinaachia sehemu kubwa ya kile kilichozifanya ziwe tamu. Kisha wewe unayamwaga. Kwa maneno mengine, unaimwaga saladi na kula makapi yake.

Nyanya mbivu ni maji kwa kadiri ya asilimia 94 au 95 ya uzito wake, na maji hayo yamefungiwa ndani ya chembe ndogondogo zenye kuta nyembamba. Kisu kinapopita, chembe za pale kilipopita hupasuka na kuachia maji kidogo, jambo ambalo halina madhara. Chumvi inapofuata ndipo kazi inapoanza. Huyeyuka katika ule unyevu wa juu, unyevu ukawa na chumvi nyingi kuliko maji yaliyo ndani, na maji ya ndani yakavutwa kwenda nje kupitia kuta za chembe, kidogo kidogo, mpaka pande mbili zikaribie kulingana. Baada ya dakika kumi utaona vipande vinameta na kitako cha bakuli kina vijiko viwili vitatu vya majimaji ya rangi ya waridi. Baada ya saa kadhaa kuta zenyewe zimelegea na vipande vimesinyaa. Friji haizuii jambo hili, inalipunguzia kasi tu, na huleta hasara nyingine ambayo nitaieleza mbele.

Sasa, majimaji yale ni nini? Onja kijiko kimoja kabla hujamwaga siku nyingine. Ndani yake mna chumvi uliyotia, asidi ya nyanya, sukari yake, na sehemu ya rojo linalozunguka mbegu. Rojo hilo wapishi wengi hufundishwa kulikwangua na kulitupa ili saladi "isilowe", na kwa saladi hii naliona kuwa kosa kubwa, kwa sababu rojo ndilo lenye asidi zaidi na ndilo lenye glutameti nyingi kuliko nyama ya nyanya yenyewe. Glutameti ndiyo inayoupa mchuzi wa nyama ule utamu usio wa sukari, utamu unaokufanya urudishe kijiko kwenye sufuria kabla chakula hakijaiva. Watu wa Sham, yaani nchi za upande wa kwao jirani yako yule, hawayaogopi maji ya nyanya. Huyachanganya na mafuta ya zeituni na limau, yakawa mchuzi mwepesi kitakoni mwa bakuli, na mchuzi huo hufutwa kwa mkate mpaka bakuli linang'aa. Kazi ya mpishi ni kuamua maji yatoke lini, na hesabu yenyewe ni nyepesi: yaanze kutoka dakika kumi kabla ya kula, yasipite robo saa.

Nadhani mazoea yako yametoka kwenye kachumbari, na sina ugomvi na kachumbari. Ile ilitujia pwani kutoka Bara Hindi, na bwana wake ni kitunguu: kinakatwa chembamba, kinafikichwa na chumvi, kinakamuliwa, kinasuuzwa ili ukali upungue, na nyanya inaingia kama mwandani tu, kwa kuwa mlo wenyewe ni pilau au biriani yenye mafuta yake, na kinachotakiwa pembeni ni kitu kikali, kikavu kidogo, cha kukata mafuta. Huko kumwaga maji ni sahihi. Katika saladi ya Sham nyanya ndiyo bwana, kitunguu ni mgeni, na mafuta hayatoki kwenye wali bali yanamiminwa juu ya nyanya zenyewe. Ukitumia kanuni za mlo mmoja kupika mwingine, utapata kitu kilicho katikati, na ndicho ulichokuwa unakipata.

Nami nilifundishwa jambo hili kwa aibu. Nilikuwa mpishi mdogo katika hoteli moja ya Muscat, upande wa vyakula baridi, na siku moja nikaamua kujirahisishia: nilikata nyanya za watu 80 saa tatu asubuhi, nikazitia chumvi, nikazipanga kwenye chombo kikubwa cha chuma. Saa sita unusu msimamizi wangu, mtu wa Nablus asiyependa maneno mengi, alikuja akainamisha chombo, maji yakakusanyika kwenye pembe moja. Hakunikaripia. Alichota maji kwa upawa, akanipa ninywe, kisha akanipa kipande cha nyanya nitafune. Maji yalikuwa matamu kama supu. Nyanya ilikuwa kama karatasi iliyolowa. Maji yale aliyahifadhi kwenye jagi, akatuma mtu sokoni kuleta nyanya nyingine, na sisi wanne tukakata kwa mbio hadi saa saba kasoro dakika tano. Tangu siku hiyo sijatia chumvi nyanya kabla ya kuona meza.

Niseme kidogo kuhusu saladi yenyewe, maana jina "saladi ya Kiarabu" ni kapu lenye vitu vingi. Sham kwa maana ya mapishi ni Siria, Lebanoni, Palestina na Yordani, na kila upande una mkato wake. Ile inayoitwa salata falahiya, yaani saladi ya wakulima, hukatwa vipande vidogo sana vya nyanya, tango na kitunguu, vikatiwa pasli, limau na mafuta. Fatushi ina mkate uliokaushwa na kuvunjwavunjwa. Tabule ni saladi ya majani ya pasli, nyanya ikiwa ndani kwa adabu tu. Na ipo ile ya nyanya peke yake, salata bandora, yenye thomu iliyopondwa na nanaa kavu. Neno bandora limetokana na pomodoro la Kiitaliano, jambo linalokumbusha kwamba nyanya ni mgeni kule kama ilivyo mgeni kwetu: mmea wa Amerika uliovuka bahari baada ya karne ya 15, ukakuta zeituni, thomu na sumaki vikiwa wenyeji wa zamani. Kwa kuwa umetaja tango, jirani yako huenda alikuwa akitengeneza ya wakulima. Mimi nitakuelekeza ile ya nyanya, kisha nitakwambia tango liingie vipi, kwa sababu ukiiweza ya nyanya nyingine zote zitakufuata.

Nyanya bora za saladi hii kule Palestina huitwa za baali, na hilo ni jina la yule Baali unayemsoma katika Biblia, mungu wa mvua wa Wakanaani. Ni nyanya za kiangazi zinazopandwa bila kumwagiliwa; mizizi huzama kufuata unyevu uliobaki ardhini kutokana na mvua za majira ya baridi, na matunda huwa madogo kiasi, yenye ngozi nene kidogo na ladha iliyokolea, kwa kuwa maji ndani yake ni machache kuliko ya nyanya iliyonyweshwa kila siku. Lebanoni wana nyanya za milimani, kubwa, zenye mikunjo, rangi ikielekea waridi, ambazo watu huzingoja msimu kwa msimu. Sisi hatuna hizo, lakini tuna macho. Nyingi utakazozikuta kwenye tenga sokoni ni za aina kama Tanya, Tengeru 97, Cal J au Rio Grande, na aina hizo zilipendwa na wakulima kwa sababu zinavumilia safari ya lori: ngozi ngumu, nyama nene, rojo si jingi. Kwa mchuzi ni nzuri sana. Kwa saladi zinafaa, ila lazima ziive kabisa, nyekundu mpaka kwenye bega karibu na kikonyo, zikibonyezwa zirudishe kidole polepole. Ukimkuta mama anayeuza mafungu ya nyanya za kienyeji zenye mikunjo, zile ambazo wenye magenge makubwa hawazitaki kwa kuwa hazipangiki, nunua hizo. Usione haya kunusa: nyanya isiyonukia kwenye kikonyo haitanukia bakulini.

Ukizileta nyumbani zikiwa bado na ugumu, zitandaze kwenye sinia, kikonyo kikiangalia chini, mbali na jua, siku mbili au tatu. Nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Friji ndiyo inayoua kazi hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha uchunguzi wa nyanya zilizokaa siku saba katika nyuzi 5 za Selsiasi, na wakaona kwamba jeni zinazosimamia utengenezaji wa harufu zilikuwa zimenyamazishwa na baridi, na baadhi ya harufu hazikurudi hata nyanya ziliporejeshwa kwenye joto la kawaida. Sukari na asidi hubaki. Kinachopotea ni kile kinachoifanya nyanya iwe nyanya. Kwa hiyo hata kama usingetia chumvi mapema, bakuli lako la friji lingekuwa limepungukiwa. Iwapo nyanya zimeiva kupita kiasi na joto la Tanga linakutisha, ziweke kwenye friji usiku mmoja zikiwa nzima, kisha uzitoe mapema asubuhi.

Sasa tukate. Kwa watu wanne chukua nyanya gramu 600, ambazo ni nne au tano za ukubwa wa ngumi ya mtoto, punje moja ya thomu, nusu ya kitunguu maji kidogo, limau moja, mafuta ya zeituni vijiko vitatu vya mezani, nanaa kavu kijiko kimoja cha chai, sumaki kijiko kimoja cha chai, pasli ujazo wa kiganja, na chumvi nusu hadi theluthi mbili ya kijiko cha chai. Osha nyanya na majani kwa maji safi ya kunywa kabla ya kukata chochote, kwa kuwa hakuna moto utakaokuja kukusaidia baadaye, kisha uyakaushe kwa kitambaa.

Anza na kinu kidogo cha mkono. Tia ile punje ya thomu pamoja na chumvi yote, ponda mpaka upate uji laini usio na kipande hata kimoja. Chumvi hapa inafanya kazi mbili: chembechembe zake husaga thomu kama msasa, na baadaye inaingia kwenye nyanya ikiwa imekwisha kuyeyuka, kwa hiyo inaenea sawasawa badala ya kuuma mahali na kuacha pengine. Ule ukali wa thomu haumo ndani ya punje nzima. Huzaliwa inapopondwa, kimeng'enya kimoja kinapokutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nayo, na asidi hukizuia kimeng'enya hicho. Maana yake kwako ni kwamba ukikamulia limau papo hapo juu ya thomu utapata thomu laini, yenye harufu bila kuchoma ulimi, na ukisubiri dakika kumi kabla ya limau utapata kali. Mimi namimina mara moja. Kama wa nyumbani kwako hawavumilii thomu mbichi, pakaa bakuli kwa punje iliyokatwa, itupe, uendelee bila kinu.

Nimesema limau, nawe umesema ndimu. Ndimu ina uchachu wa haraka zaidi, na ikikamuliwa kwa nguvu ganda lake hutoa uchungu ambao kwenye samaki hauonekani ila kwenye nyanya unaonekana sana. Ukiwa na ndimu tu, tumia theluthi mbili ya kiasi, ikamue kwa vidole wala si kwa mashine.

Kitunguu kikate vipande vyembamba kama mwezi mchanga, kiweke kwenye kisahani, nyunyizia sumaki yote na ufikiche kwa vidole. Katika dakika kumi kitalainika na kugeuka rangi ya zambarau. Vitunguu vyetu vyekundu ni vikali, na kikikutoa machozi kupita kawaida kiloweke kwanza kwenye maji ya baridi dakika kumi, kisha ukikaushe kabisa kabla ya sumaki. Usikikamue kwa chumvi. Hiyo ni ile kachumbari inayokuvuta mkono.

Nyanya ziwe za mwisho. Kisu kiwe kikali, na hili silisemi kwa urembo: kisu butu hakikati ngozi ya Tanya, kinaikandamiza, na rojo linaruka kwenye ubao kabla halijafika bakulini. Toa ile sehemu ngumu nyeupe ya kikonyo, kata nyanya vipande vinavyoingia mdomoni mara moja, visivyolingana sana, na usiondoe mbegu. Kila kinachobaki kwenye ubao kikwangue kiingie bakulini. Ukitaka mkato mdogo wa wakulima, kila kipande kama punje ya mahindi, kumbuka kwamba umezidisha nyuso zilizokatwa, kwa hiyo maji yatatoka upesi zaidi na muda wako unapungua hadi dakika tano. Bakuli liwe la udongo, la kioo au la kauri. Sufuria ya alumini haipatani na limau wala nyanya, na utaonja bati.

Mimina mchanganyiko wa thomu na limau juu ya nyanya, geuza mara tatu au nne kwa mikono, ongeza kitunguu na pasli iliyokatwa, kisha fikicha nanaa kavu katikati ya viganja juu ya bakuli. Usitumie nanaa mbichi ukidhani ni bora zaidi. Mbichi inaburudisha kinywa. Kavu ina harufu ya nyasi na joto, na ndiyo iliyokuwa kwenye bakuli la jirani yako, kama pua yangu haijanidanganya kwa umbali huu. Ya nyumbani hukauka vizuri kivulini siku tatu au nne, majani yakiwa mazima, na hufikichwa siku ya matumizi tu. Mafuta yaje baada ya hayo yote, kwa sababu mafuta yakitangulia huvika kila kipande koti, limau na chumvi vikateleza juu bila kuingia. Acha dakika kumi mezani, onja majimaji ya chini wala si kipande cha juu, sahihisha chumvi, na uite watu.

Kwa mchana wako wa Ijumaa, basi, asubuhi fanya haya tu: ponda thomu na chumvi, tia limau, funika kwenye kikombe; kata kitunguu ukitie sumaki; osha pasli uifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Nyanya zikae nzima kwenye sinia. Ukisikia wa kwanza anavua viatu mlangoni, shika kisu. Nyanya tano hazikuchukui dakika sita.

Tango lina kanuni yake, na ni kinyume cha nyanya. Kule Sham hutumia matango madogo, membamba, yenye ngozi laini na mbegu ambazo hazijakomaa, huliwa yote. Letu likiwa nene lina mbegu kubwa na maji yasiyo na ladha katikati, kwa hiyo lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko uzitupe, menya mistari ya ngozi ukiacha mingine, kisha ulikate. Moja dogo linatosha kwa nyanya tano. Maji ya nyanya yana kitu cha kusema. Maji ya tango yanachuja tu.

Kuhusu mafuta, hapa ndipo pesa yako inapostahili kwenda. Tafuta mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza, yaliyotolewa kwa mashine tu bila moto wala kemikali; kiwango cha Baraza la Kimataifa la Zeituni kinataka asidi huru isizidi gramu 0.8 kwa kila gramu 100. Yanapokuwa mapya hukwaruza koo kidogo, na huo ndio uzima wake. Soma chupa kwa makini, maana yapo yanayotolewa kwenye mashudu ya zeituni baada ya mkamuo, ambayo ni ya kukaangia na kwa saladi hayana la kuongeza. Ukishindwa bei, ufuta wa Lindi uliokamuliwa bila kuchomwa utakupa saladi nzuri, yenye lafudhi nyingine. Mafuta ya mawese au ya nazi yaache jikoni.

Na sumaki. Tuanze na herufi, kwa sababu nimewahi kumtuma kijana dukani akarudi na kipande cha chuma cha kubandika kwenye friji: si sumaku, ni sumaki. Ni tunda la kichaka kiitwacho kwa Kilatini Rhus coriaria, vijitunda vinavyoota katika kichala, hukaushwa na kusagwa vikawa unga wa rangi ya damu ya mzee, mchachu kwa sababu ya asidi ya maliki, ileile iliyo kwenye tufaha bichi. Nzuri ina unyevu kidogo, hushikana ukiifinya, na uchachu hutangulia chumvi mdomoni. Nyingine huuzwa ikiwa imechanganywa na chumvi; soma pakiti, na ikiwa hivyo punguza chumvi kwenye kinu. Ukiwa na ndugu anayekuja likizo kutoka Ghuba, muagize robo kilo, uiweke kwenye chupa yenye kifuniko mahali penye giza.

Ukiikosa, jirani wake wa karibu zaidi ni unga wa embe bichi lililokaushwa unaouzwa kwenye maduka ya viungo ya Kihindi. Tumia nusu ya kiasi, kwa kuwa ni mkali zaidi, na ukubali kwamba rangi haitakuwepo. Ukwaju umependekezwa na wengi, nami siukubali: unaleta weusi na ladha ya mchuzi. Nilijaribu pia unga wa ubuyu, nikitumaini kwamba pwani imenipa jibu la bure. Uchachu wake ni mzuri sana, ila una pektini nyingi, na katika dakika kumi majimaji yangu ya nyanya yalikuwa yameganda kama uji mwepesi. Watoto walikula. Mimi nilirudi kwenye maganda ya limau: kwangua ile ngozi ya njano ya juu, si nyeupe, nusu kijiko cha chai, uifikiche na kitunguu mahali pa sumaki. Si kitu kilekile, lakini harufu inajaza pengo.

Kuna ya Gaza ambayo naona ingekufaa wewe mtu wa Tanga, maana watu wa Gaza wanapenda pilipili kuliko wenzao wengi wa Sham. Huiita daga, na hutengenezwa ndani ya bakuli zito la udongo lenye mchi wake, liitwalo zibdiya. Hupondwa thomu, chumvi, pilipili mbichi mbili na kijiko cha mbegu kavu za shibiti, mmea ulio ndugu wa shamari. Mbegu zenyewe wamezipa jina la jicho la nzige. Kisha nyanya huingia humohumo na kupondwa kidogo, zikabaki nusu vipande nusu mchuzi, zikamaliziwa na limau na mafuta mengi. Hapo swali la maji halipo kabisa, kwa sababu umeyatoa mwenyewe kwa mchi. Ukikosa shibiti, shamari nusu kijiko inaelekea huko.

Uipakue na mkate wa ajemi, ambao ni mkavu na unakunywa mchuzi; chapati imejaa mafuta yake na hainywi kitu. Kule huiweka pia pembeni ya mjadara, yaani wali uliopikwa na adesi na kufunikwa kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, na kwa samaki wa kukaanga inashinda ndimu peke yake. Ikibaki usiku, usiirudishe mezani kesho yake kama saladi. Mimina yote, na maji yake, kwenye kikaango chenye moto, acha ikauke mpaka mafuta yajitenge, uvunjie mayai matatu juu, funika.